Maswali ya Dukani: Ujumbe wa uongo, droo inayopungua mia tisa na hamsini, na punda wa saa mbili

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Lamu: Langoni, Mkomani, Shela, na moja ya ng'ambo, Mokowe. Punda hakuleta hasara kubwa, ila barua yake ilituchekesha, tukampa nafasi.

Simu yake ilisema amelipa

*Nina duka la vikoi na leso Langoni. Juzi karibu na Magharibi, watu wamejaa, alikuja kijana mwenye adabu zake akachagua vikoi vitatu, jumla 4,500. Akanionyesha kwenye simu yake ujumbe wa M-Pesa kuwa amelipa. Jina la duka langu limo, kiasi kimo, saa imo. Simu yangu haikulia, nikasema ni mtandao. Mpaka leo haijalia. Mara nyingine nitajuaje? (Mwenye duka, Langoni)*

Pole sana. Ulisoma simu yake badala ya yako, na hapo ndipo vikoi vilipoondoka. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja ni maandishi tu. Tapeli huchukua wa zamani, akabadilisha kiasi na saa, akajitumia kutoka laini nyingine au akauweka kama picha. Jina la duka lako halikumpa kazi: umelibandika mwenyewe ukutani, chini ya namba ya tili, ile ya kulipia.

Pesa imeingia pale inapoonekana upande wako. Lakini wapo pia wanaotuma ujumbe wa uongo kwenye simu yako wewe, na huo ndio unaowakamata hata wazoefu. Dawa yake ni kusoma mstari ambao wengi huuruka: salio. Tuseme kabla ya mteja ulikuwa na 12,340. Akilipa 4,500, ujumbe wa kweli lazima uonyeshe 16,840. Tapeli hajui ulikuwa na ngapi, kwa hiyo ama hubuni, ama huuacha mstari huo kabisa. Ukiwa na mazoea ya kutazama salio kila baada ya mauzo, hesabu hii ni ya sekunde mbili.

Tazama pia ujumbe umeingia wapi. Wa kweli hukaa kwenye mfululizo ule ule wa MPESA, chini ya ule wa mteja aliyetangulia. Wa uongo mara nyingi hufungua ukurasa mpya kwa namba ya kawaida ya simu. Halafu kuna namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu 10. Miamala ya siku moja kwa kawaida huanza kwa herufi zinazofanana, kwa hiyo linganisha na ya mteja wa asubuhi. Ikiwa ya asubuhi imeanza hivi na ya jioni imeanza kwa namna nyingine kabisa, muulize vizuri. Ukibaki na shaka yoyote, ingia kwenye menyu uangalie salio lenyewe. Ujumbe unaweza kughushiwa. Salio unaloliuliza wewe mwenyewe kwenye menyu, tapeli hawezi kuligusa.

Na mtandao ukilala kweli? Lamu hulala, tunajua. Funga bidhaa vizuri, ziweke kwenye mfuko, mfuko ubaki upande wako wa kaunta. Mwambie: "Mwanangu, kaa hapo barazani upoe, simu ikilia tu nakukabidhi." Aliyelipa hukaa, pengine ataagiza na kahawa. Asiyelipa hukumbuka ghafla kwamba boti ya Mokowe inaondoka. Aibu yako ndiyo mtaji wake: anajua muungwana wa Kiamu huona vibaya kumwambia mgeni "sijaona pesa". Sema bila kununa, ila sema.

Kuna sababu nyingine tunayoiona kwenye maduka mengi. Mwenye duka yuko Mombasa, simu inayopokea ujumbe wa tili iko mfukoni mwake, na kijana aliyeko dukani amebaki kusoma simu za wateja. Hapo huna haki ya kumkata mshahara. Ama simu ya tili ikae dukani, ama namba ya msaidizi iongezwe ili naye aone malipo yakiingia.

Ujumbe wa utapeli upeleke kwa 333, ni bure. Na ukipigiwa na mtu akilia kwamba ametuma pesa kwako kimakosa, usimrudishie kwa kumtumia. Mwambie aupeleke ujumbe wake kwa 456 aombe kurudishiwa kwa utaratibu. Ukimtumia kwa mkono wako, kisha naye akaomba kurudishiwa, utakuwa umelipa mara mbili. Mara nyingi lakini hakutuma chochote: kilichoingia ni ujumbe wa uongo, na salio lako ni lile lile.

"Tunaboresha mfumo"

*Mimi ni wakala Mokowe. Nimepigiwa na mtu aliyelijua jina langu na namba yangu ya uwakala, akasema mfumo unaboreshwa, nibonyeze namba atakazonitajia. Nilikata. Je, nimekosa floti (pesa ya kazi ya wakala) ya bure? (Wakala, Mokowe)*

Hukukosa kitu. Jina lako na namba yako viko kwenye kila risiti na kwenye bango lako, kwa hiyo kuvijua si ushahidi wa chochote. Hizo namba alizotaka ubonyeze, ukizifuata hadi mwisho, huwa ni kutoa au kutuma floti yako, na pahali pa mwisho ndipo pa kuweka namba ya siri. Safaricom wametangaza kuwa huwapigia wateja kwa 0722 000 000 peke yake, na hata hapo hawaulizi namba ya siri. Leo hii pia piga *100*100#, ili laini yako isiweze kuhamishiwa kadi nyingine na mtu aliyekaa mbali.

Kila Alhamisi, mia tisa na hamsini

*Nauza juisi ya ukwaju na viazi karai Mkomani. Wiki tatu sasa, Alhamisi jioni nikihesabu droo hupungua shilingi 950. Si 900, si 1,000. Binti anayenisaidia ameapa kwa Mungu hajui. Ni jini gani huyu mwenye hesabu kali? (Mama wa juisi, Mkomani)*

Mama, mwache binti. Kiasi chenyewe kimeshamtaja mwizi. Je, kuna kitu unachouza kwa shilingi 50? Basi mchezo ni huu.

Mteja ananunua cha 50, anatoa noti ya 1,000. Binti anamhesabia chenji 950, anaishika. Kabla hajageuka anasema: "Ah, kumbe nina hamsini hapa! Chukua hamsini yako, nirudishie elfu yangu, nisikumalizie chenji." Binti anafurahi, maana chenji ni shida. Anapokea 50, anatoa ile noti ya 1,000. Mteja anashukuru na kuondoka na juisi, na elfu yake, na ile 950 ambayo haikurudi mkononi mwa binti. Binti amebaki na 50 mkononi, ambayo ni bei halali ya juisi, ndiyo maana haionekani kama wizi. Hufanywa wakati wa foleni, na mara nyingi akiwa na mwenzake nyuma anayeuliza bei ya viazi kwa sauti.

Kinga yake ni mpangilio wa mikono. Noti ya mteja isiingie droo. Ilazwe juu ya kaunta, chini ya kopo au jiwe, mpaka chenji ihesabiwe na ikubaliwe. Akibadilisha nia, 950 irudi kwanza, ihesabiwe mezani, halafu 50, halafu ndipo elfu itoke. Biashara moja imalizike kabla ya nyingine kufunguliwa. Na binti aseme kwa sauti anachopokea: "Elfu moja nimepokea." Hilo linasaidia pia kwa wale wanaodai walitoa elfu nao walitoa mia mbili.

Alhamisi ijayo, wakati wa foleni, kaa wewe kwenye droo.

Punda

*Kila siku saa mbili asubuhi huja punda, hana mwenyewe, anaingiza kichwa mlangoni na kula kabichi. Nikimfukuza anarudi nyuma hatua nne, anasubiri. Nifanyeje? (Muuza mboga, karibu na Mkunguni)*

Saa mbili ndiyo saa gani hapo kwako? Tunakisia ndiyo saa unayochambua mboga na kutupa majani ya nje mlangoni. Basi umemwalika wewe, na punda hasahau mwaliko. Majani yaingie kwenye ndoo yenye kifuniko tangu jani la kwanza. Atakuja siku nne, tano zaidi kwa mazoea, kisha atahamia kwa jirani, na barua itaandikwa na jirani.

Kwa sasa funga kamba mlangoni kwa kimo cha kifua chake na uifungie vitambaa ili aione. Kabichi na karoti zipande rafu ya juu. Usifanye ujanja wa kuweka vitunguu chini ukidhani hatavitaka: vitunguu, maji na thomu, vinaharibu damu ya punda. Karatasi za nailoni na kamba za magunia pia ziokote, humfunga tumbo. Na hana mwenyewe? Muulize hamali yeyote wa gatini. Katika mji huu punda asiye na mwenyewe ni nadra, mwenyewe asiyetaka kulipa kabichi ndio wengi.

Mizani mbili, kilo mbili tofauti

*Sukari niliyopima kilo, mteja akaipeleka kwa jirani ikawa gramu 960. Amenitangaza mtaa mzima. Mizani yangu ni ya springi, nimeinunua mwaka jana, sijawahi kuichezea. (Duka la rejareja, Langoni)*

Huenda yako ndiyo mbovu, huenda ya jirani, huenda zote. Tuanze na yako.

Mizani ya springi na hewa ya chumvi hazipatani. Kutu ikiingia kwenye springi, mshale husita au hushuka polepole. Vuta sahani chini kidogo kwa kidole, uiachie ghafla: mshale lazima urudi kwenye sifuri palepale, mara tano kwa tano. Usiporudi, umeshapata jibu. Pili, imewekwa wapi? Sakafu ya baraza nyingi imeinamishwa ili maji ya mvua yatoke. Mizani iliyokaa upande hupima upande. Tatu, upepo. Sahani pana iliyoelekezwa baharini wakati wa upepo wa kusi husukumwa kama tanga. Isogeze ndani, nyuma ya ukuta. Nne, sahani yenyewe: ile ya asili ilipasuka ukaweka ya bati? Basi mshale unaanza pasipo sifuri.

Kisha ipime kwa maji. Weka chombo kitupu, rekebisha mshale hadi sifuri, halafu mimina nusu lita ya maji ya bomba uliyoipima kwa jagi lenye alama au kwa bomba kubwa la sindano. Isome gramu 500, tofauti ya gramu mbili tatu isikusumbue. Endelea hadi lita moja, kisha lita mbili, kwa sababu springi iliyochoka huweza kusema kweli kwenye nusu kilo na uongo kwenye kilo mbili. Usichote maji gatini: lita ya maji ya bahari ni kama gramu 1,025, utamsingizia jirani bure. Kwa mizani ya betri, ongeza jaribio moja: weka kitu kile kile katikati, kisha kwenye kila pembe ya sahani. Namba zikitofautiana sana, au zikicheza pasipo kitu juu, badilisha betri kwanza ndipo uikasirikie.

Usisahau karatasi. Tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku 28 Agosti 2017, sukari hufungwa kwa kaki, na kaki ina uzito. Pima mifuko kumi kwa pamoja, gawanya kwa kumi, uujue uzito wa mmoja. Mteja ananunua sukari, siyo karatasi.

Lakini hasara nyingi tunazoziona ziko upande wa pili, yaani muuzaji kuzidisha. Gunia la kilo 50 ni robo 200. Ukizidisha gramu 8 tu kwa kila robo, umetoa gramu 1,600, robo sita na kitu, bure, katika kila gunia. Wengine huita baraka. Sawa, ila zihesabu, ujue unatoa sadaka kiasi gani.

Mizani ya biashara, kwa Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, hukaguliwa na kugongwa muhuri kila mwaka na afisa wa vipimo. Peleka yako, mwombe jirani apeleke yake siku hiyo hiyo. Muhuri mpya ubandikwe pale mteja anapouona. Maneno ya mtaani hayajibiwi kwa maneno.

Mgeni mkarimu kupita kiasi

*Nina nyumba ya wageni Shela, vyumba vinne. Mtu wa ng'ambo ameandika barua pepe: watu sita, siku kumi, hakuomba kupunguziwa. Anataka nimtoze kadi yake zaidi ya bei, kisha ile ziada niitume kwa M-Pesa kwa "kampuni ya boti" itakayowatoa uwanja wa ndege wa Manda, kwa kuwa kampuni hiyo haipokei kadi. (Mwenye nyumba, Shela)*

Usiitume. Kadi hiyo kwa uwezekano mkubwa ni ya wizi. Benki itakuwekea pesa, utaziona, utaamini. Wiki au miezi baadaye mwenye kadi wa kweli atalalamika, na benki itazivuta zote kutoka kwako: bei ya vyumba pamoja na ziada. Ulichotuma kwa M-Pesa hakitarudi. Wageni hawatakuja kamwe, na vyumba vyako utakuwa umevifunga siku kumi katika msimu.

Angalia alichokosa kuuliza. Mgeni wa kweli anauliza kama kuna neti, kama kuna kiyoyozi, chakula cha asubuhi ni nini, ufuo uko umbali gani. Huyu ameuliza jambo moja, njia ya pesa. Na boti ya Manda haihitaji kampuni: unashuka ndege, unatembea hadi gatini, nahodha yuko pale, unalipa mkononi au nyumba inamlipa na kuandika kwenye bili. Mjibu hivyo hivyo, kwa upole: "Boti tutalipanga sisi, mtalipa mkifika. Tafadhali tuma malipo ya awali ya usiku mmoja, kiasi kamili." Tunabashiri atanyamaza.

Wakati uko kwenye hilo, tafuta picha za nyumba yako mtandaoni. Kuna wanaozichukua, wakaweka namba yao, wakapokea malipo ya awali. Wewe unapata habari mgeni anapobisha mlango na mabegi.

Noti mbili za elfu

*Muuza samaki hapa. Nimepata noti mbili za elfu, nyuzi zake hazifanani. Moja lazima ni bandia. Ipi? (Muuza samaki, Lamu mjini)*

Huenda zote ni halali. Noti za sasa zilitolewa mwaka 2019, na mwaka 2024 Benki Kuu ikaanza kutoa zilizo na saini ya Gavana Kamau Thugge, mwaka wa kuchapishwa 2024 na uzi mpya unaobadili rangi. Za kwanza hazikufutwa. Zote mbili ziinue kwenye mwanga, utafute kichwa cha simba ndani ya karatasi. Zipapase pembeni: noti ya 1,000 ina mistari mitano iliyoinuka, ya 500 minne, ya 200 mitatu, ya 100 miwili, ya 50 mmoja. Kisha inamisha, uzi ubadilike rangi. Bandia nyingi hufeli kwa kidole kabla ya jicho, kwa hiyo kausha mikono kwanza. Mkono wenye magamba ya nguru haupapasi kitu.

Ila ile elfu ya zamani, yenye picha ya Mzee Kenyatta, usiipokee hata kwa mgeni mwenye huruma. Ilikoma kuwa pesa mwisho wa Septemba 2019. Za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikufutwa wakati huo.

La mwisho

*Watoto hutumwa bila karatasi. "Mama amesema unipe kile cha jana." Nami sikumbuki jana. (Duka la mtaa, Mkomani)*

Weka daftari la wateja wa kila siku, jina la mama na anachochukua, mstari mmoja. Siku usiyokumbuka mpe kilichofungwa, chumvi au kiberiti, kinachoweza kurudi. Usimpimie mafuta.